Ukimya wa Vyuo: Kinachoendelea Tangu Utume Maombi ya Uzamili Hadi Jibu Lije

Kuanzia Januari hadi Juni, Dar es Salaam huwa na watu wengi wanaoishi na simu mkononi kwa sababu moja. Waliomba nafasi ya kusoma shahada ya uzamili au uzamivu, chuo kikawajibu kwa mstari mmoja kwamba maombi yamepokelewa, kisha kimya. Mtu anatoka kazini Posta kurudi Mbagala au Tegeta, anafungua barua pepe ndani ya daladala, hakuna kitu. Ikifika wiki ya tatu anaanza kutafuta maana katika kila jambo: neno lililobadilika kwenye mfumo wa maombi, jibu fupi la profesa, mwenzake aliyekwishaitwa kwenye usaili.

Mateso hayo kwa sehemu kubwa yanatokana na kuuona ukimya wote kuwa ni wa aina moja. Faili lako linapita mikononi mwa watu tofauti, kila mmoja na kalenda yake, na ukimya wa Desemba hauna maana ile ile ya ukimya wa mwisho wa Machi. Tena mwombaji wa hapa kwetu mara nyingi anasubiri majibu mawili huku akidhani ni moja: jibu la kukubaliwa na jibu la fedha. Ukijua uko kwenye ukimya upi, utajua pia kama kuna la kufanya au hakuna.

Wiki za kwanza: faili linakaguliwa, bado halijasomwa

Ukishabonyeza kitufe cha kutuma, maombi hayaendi moja kwa moja kwa maprofesa. Yanapitia kwanza ofisi ya udahili, ambako kuna mtu anayehakiki kama kila kitu kimo: transkripti, matokeo ya mtihani wa Kiingereza, barua za mapendekezo (vyuo vingi vya Marekani hutaka tatu, vya Uingereza mara nyingi mbili), wasifu, maelezo binafsi na ada. Faili lenye pengo linaweza kukaa hapo hapo hadi kamati imalize kazi yake, na usitegemee kupigiwa simu. Vyuo vingi huweka orodha ya vielelezo ndani ya akaunti yako ya maombi, kila kimoja na alama ya kuonyesha kimefika au hakijafika. Ifungue orodha hiyo siku tatu au nne baada ya kutuma, kisha kila wiki hadi vyote viwe vimefika. Hii ndiyo hatua pekee ambayo mkono wako bado unafika, kwa hiyo tutakaa hapa kidogo.

Kinachokwamisha mafaili ya Watanzania mara nyingi ni majina. Mtu ana majina mawili kwenye cheti cha kidato cha nne, matatu kwenye kitambulisho cha NIDA, na pasipoti imeweka jina la babu kuwa la ukoo. Akijisajili kwenye mtihani wa Kiingereza, IELTS au TOEFL, kwa pasipoti, halafu akajaza maombi kwa majina ya cheti, mfumo wa chuo unapokea matokeo bila kujua ni ya nani, kwa sababu unaoanisha jina na tarehe ya kuzaliwa. Kwenye orodha yako matokeo yataendelea kuonekana hayajafika, na wewe utaendelea kulaumu watu wa mtihani. Iandikie ofisi ya udahili, taja namba ya maombi, namba ya usajili wa mtihani, na majina yalivyoandikwa kila upande. Wataoanisha wenyewe kwa mkono. Kama jina lenyewe ni jingine kabisa na si suala la mpangilio tu, tafuta hati ya kiapo kwa wakili sasa hivi, maana swali hilo hilo litakurudia mbele ya dirisha la viza.

Tarehe nazo. Mmarekani huandika mwezi kwanza. 04/07/1997 kwetu ni tarehe 4 Julai, kwake ni tarehe 7 Aprili. Ikigeuka upande mmoja na kubaki sawa upande wa pili, matokeo yako yanakosa mwenyewe kwa namna ile ile.

Kwenye transkripti, skani pande zote mbili za kila karatasi. Mara nyingi ufunguo wa madaraja uko mgongoni, na watu huskani mbele tu. Hapa Tanzania GPA huhesabiwa kwa kipimo cha 5.0: kuanzia 4.4 ni daraja la kwanza, 3.5 hadi 4.3 ni la pili la juu, 2.7 hadi 3.4 ni la pili la chini. Marekani hutumia 4.0. Ukiandika 3.8 bila kutaja kipimo, msomaji anaweza kukuhesabu kuwa umekaribia kilele cha kipimo chao, na siku transkripti rasmi itakapofika tofauti hiyo itaonekana kama udanganyifu. Andika alama kama ilivyo pamoja na kipimo chake, na usijibadilishie mwenyewe kwa fomula ya mtandaoni isipokuwa fomu imekuagiza hivyo.

Halafu barua za mapendekezo. Mwalimu wako anapokea kiungo kilichotumwa na kompyuta, na barua pepe za namna hiyo hupenda kuangukia kwenye spamu. Kumwuliza "mwalimu, umeshatuma?" hakusaidii sana. Mwambie jina kamili la chuo na anwani iliyotuma kiungo, ili aitafute hata kwenye spamu. Kama hakipo, ingia kwenye akaunti yako ukamtumie upya, mifumo karibu yote ina kitufe hicho. Kama uko Dar na mwalimu yuko Mlimani, Muhimbili au Chuo Kikuu Ardhi, nenda ofisini kwake. Dakika tano za kukaa naye mbele ya kompyuta zinafanya kazi ambayo barua pepe sita hazijaifanya. Mwombe atumie barua pepe ya chuo, kwa sababu baadhi ya vyuo huitilia shaka barua iliyotoka kwenye anwani binafsi. Vyuo vingi huvumilia barua ya mwalimu iliyochelewa siku chache, wakijua kosa si la mwombaji. Uvumilivu huo haupo kwa vielelezo vyako wewe.

La mwisho hapa linaonekana dogo. Akaunti ya bure ya Google ina nafasi ya gigabaiti 15 kwa barua pepe, picha na mafaili yote pamoja. Ikijaa, barua pepe mpya haziingii. Mtu anaweza kusubiri mwaliko wa usaili wiki mbili kumbe picha za harusi ya binamu yake zimefunga mlango. Angalia leo.

Idara inasoma lini, na inasomaje

Kwa uzamivu wa Marekani, tarehe za mwisho nyingi ni kati ya 1 na 15 Desemba. Ofisi hufungwa kuelekea Krismasi na kufunguliwa baada ya Mwaka Mpya. Wanaosoma mafaili ni maprofesa wa idara, ambao muda huo huo wanasahihisha mitihani na kuanza muhula mpya. Kwa hiyo ukimya wa hadi katikati ya Januari hauna habari yoyote ndani yake, nzuri wala mbaya.

Kwa kawaida msomaji mmoja au wawili hupitia mafaili yote na kuchuja. Yaliyobaki husomwa na watu wengi zaidi, kisha kamati hukaa. Wanachojadili si ubora peke yake. Kwenye sayansi, mwanafunzi wa uzamivu mara nyingi hulipwa kutoka kwenye ruzuku ya utafiti ya profesa, hivyo huulizwa nani ana fedha mwaka huu, nani ana nafasi maabara, nani anakwenda likizo ya utafiti. Faili zuri sana linaweza kuanguka kwa sababu profesa uliyemtaja hachukui mwanafunzi mwaka huu. Ndiyo sababu inafaa kumwandikia kabla ya kuomba, mwezi Septemba au Oktoba, na kutaja majina mawili au matatu ya wasimamizi kwenye maelezo yako badala ya moja. Idara nyingi za sayansi huwasaili watu Januari na Februari. Kwenye historia, fasihi na nyingine za jamii hiyo, nyingi hazifanyi usaili kabisa, na kutokuitwa hakukuambii kitu.

Kamati ikishapitisha, jina linakwenda kwenye ofisi kuu ya masomo ya uzamili ya chuo, ambayo ndiyo yenye mamlaka ya kutoa barua. Kati ya hapo na barua rasmi kunaweza kupita siku kadhaa au wiki. Profesa akikuandikia kwamba idara imekupendekeza, furahi, ni habari nzuri kweli. Lakini usiandike barua ya kuacha kazi. Subiri ile yenye jina lako, programu, mwaka wa kuanza na kiasi cha fedha.

Uingereza mambo ni tofauti. Programu nyingi za uzamili wa mwaka mmoja hupokea na kujibu mfululizo, na jibu huweza kuja ndani ya wiki chache. Wengi hupewa kwanza nafasi yenye masharti: leta matokeo ya Kiingereza, leta transkripti ya mwisho. Masharti yakitimia unaomba ibadilishwe kuwa isiyo na masharti, na hatua hiyo watu huisahau hadi tarehe ya mfadhili inawapita. Ujerumani, vyuo vingi hutumia uni-assist kukagua vyeti vya kutoka nje, kwa euro 75 kwa chaguo la kwanza na 30 kwa kila la ziada katika muhula huo huo. Ukaguzi huchukua wiki nne hadi sita tangu malipo na vielelezo vikamilike. Wakikuandikia kwamba wamepeleka maombi yako chuoni, bado hujakubaliwa. Wanachosema ni kwamba vyeti vyako vinafaa kusomwa.

Kuhusu maneno yanayobadilika ndani ya mfumo: "inapitiwa" mara nyingi huwekwa na kompyuta kwa waombaji wote kwa pamoja, faili likikamilika. Neno pekee lenye uzito ni linalosema uamuzi umetolewa.

Saa za kwao na saa za kwetu

Watu hufungua barua pepe asubuhi nzima wakati ofisi wanayoisubiri imelala. Wakati wa baridi, saa za kazi za New York au Boston, saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, huku kwetu ni saa 11 jioni hadi saa 7 usiku. Za California ni saa 2 usiku hadi saa 10 alfajiri. Jumapili ya pili ya Machi Wamarekani husogeza saa mbele, na tofauti inapungua kwa saa moja. London iko nyuma yetu kwa saa tatu, na kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi ni saa mbili.

Maana yake kwa anayesubiri Marekani ni hii: kuanzia unapoamka hadi jioni hakuna barua mpya itakayotoka ofisini kwao. Kilichotumwa usiku utakikuta ukiamka. Kuangalia mara moja asubuhi kunatosha, na hakuna jibu la udahili linaloharibika kwa kulala nalo kwa muda wa saa sita. Ikiwa bado kuna tarehe ya mwisho mbele yako, saa 5:59 usiku ya Mashariki ya Marekani ni saa 1:59 asubuhi ya kesho yake hapa. Usifike huko. Tuma siku mbili kabla, kwa sababu umeme na intaneti havikupi ahadi: Mei 2024 nyaya za chini ya bahari zilikatika na sehemu kubwa ya Afrika Mashariki, Tanzania ikiwemo, ikabaki na mtandao wa kusuasua.

Ukiitwa kwenye usaili wa video, fanya maandalizi kwa hali hiyo hiyo. Weka bando kwenye laini mbili za mitandao tofauti, chaji kompyuta na simu zote mbili, hakiki Luku siku moja kabla, na uwe na anwani ya mwenyeji wa usaili ili ukikatika umwandikie papo hapo. Wasaili wengi wanaelewa kukatika. Wasichoelewa ni mtu aliyepotea bila neno.

Mawimbi, orodha ya kusubiri na tarehe 15 Aprili

Vyuo vya Marekani havitoi majibu yote siku moja. Wimbi la kwanza huwa ni la wanaotakiwa zaidi, kati ya mwisho wa Januari na Februari. Wengine huwekwa kando bila kukataliwa, kwa sababu idara haijui ni wangapi wa wimbi la kwanza watakaokubali. Barua za kukataa hutumwa kwa wingi Machi. Kwa hiyo mtu asiyepata kitu hadi mwisho wa Februari, wakati wengine wa programu ile ile wameshapata, huenda hayumo kwenye wimbi la kwanza. Kusema ukweli nafasi yake imepungua, ila haijafungwa.

Nchini Marekani kuna makubaliano ya Baraza la Vyuo vya Uzamili, yaliyosainiwa na vyuo vingi, kwamba mtu aliyepewa nafasi yenye ufadhili halazimiki kujibu kabla ya tarehe 15 Aprili. Ikikaribia tarehe hiyo wenye nafasi tatu huachia mbili, na zile mbili huhamia kwa walio kando. Wiki ya kabla na wiki ya baada ya tarehe 15 ndizo za mabadiliko ya haraka kuliko zote. Uwe karibu na simu hapo, kwa sababu aliyetolewa orodha ya kusubiri anaweza kupewa siku mbili au tatu tu za kujibu. Makubaliano haya yanahusu ufadhili. Uzamili wa kujilipia unaweza kuwa na tarehe yake, na chuo ambacho hakikusaini hakifungwi nayo.

Orodha ya kusubiri si foleni ya benki ambapo wa tatu anafuata baada ya wa pili. Akijitoa mwanafunzi wa fizikia ya nyota, idara inatafuta mwingine wa fizikia ya nyota. Ukiwekwa humo, andika mara moja kwamba bado unaitaka nafasi, na kama kweli ndicho chuo chako cha kwanza, sema hivyo. Ukipata jambo jipya la maana, kwa mfano makala imekubaliwa na jarida au matokeo ya mwisho yametoka, waarifu kwa aya moja. Baada ya hapo nyamaza.

Jibu la fedha lina kalenda yake

Kwa familia nyingi za hapa, barua ya kukubaliwa bila fedha ni karatasi ya kuweka kwenye fremu. Uzamivu wa Marekani kwa kawaida huja na ufadhili ndani ya barua ile ile. Uzamili mara nyingi sivyo, na hapo mfadhili ni taasisi nyingine yenye tarehe zake.

Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza kwa uzamili, hufungua maombi Agosti, hufunga Oktoba au mwanzoni mwa Novemba kutegemea mwaka, huwasaili watu katika miezi ya kwanza ya mwaka unaofuata, na huanza kutoa matokeo Juni. Unachagua kozi tatu, na lazima uwe na nafasi isiyo na masharti kutoka kozi mojawapo kabla ya tarehe wanayoitaja, kwa kawaida Julai. Kuna wanaofaulu usaili wa Chevening na kukwama hapo, kwa sababu walichelewa kuomba chuo au hawakufanya mtihani wa Kiingereza mapema. Programu za Erasmus Mundus, ufadhili wa Umoja wa Ulaya, nyingi hufunga kati ya Oktoba na Januari, posho yake ni euro 1,400 kwa mwezi, na wana orodha ya akiba inayosogea pale wa kwanza wanapopata viza au kuikosa, wakati mwingine hadi katikati ya mwaka. Uswidi maombi ya uzamili hupitia mfumo mmoja wa taifa unaofungwa katikati ya Januari, na matokeo hutoka siku moja iliyotangazwa, kuelekea mwisho wa Machi. Hapo hakuna sababu ya kuangalia hata mara moja kabla ya siku hiyo. Türkiye Bursları, ufadhili wa serikali ya Uturuki, hupokea maombi 10 Januari hadi 20 Februari bila ada. Ufadhili wa serikali ya China majibu yake mengi huja kuanzia Juni hadi Agosti, na barua ya chuo peke yake haitoshi kuombea viza. Lazima iambatane na fomu ya kuombea viza ya masomo iitwayo JW.

Andika tarehe hizi kwenye karatasi moja: chuo, mfadhili, siku jibu linapotegemewa, siku ya mwisho ya kukubali. Utaona mapema kama chuo kinataka amana Aprili wakati mfadhili atajibu Juni. Ikitokea hivyo, kiandikie chuo ukitaja ufadhili unaousubiri na tarehe yake, uombe muda. Vyuo vingi vya Uingereza vinaujua utaratibu huu na vinakubali, mradi umeomba kabla ya tarehe kupita.

Vyuo vya hapa nyumbani

Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) inaratibu udahili wa shahada ya kwanza. Kwa uzamili unaomba chuoni moja kwa moja, na ukimya wake una sababu nyingine. Maombi hupita idarani, kisha kwenye ndaki au shule kuu, ndipo yafike kwenye ofisi ya masomo ya uzamili, na kila ngazi hukaa kwa vikao. Kikao kikiahirishwa, wote mnasubiri. Kwa uzamivu, na kwa uzamili wa utafiti, kinachokwamisha zaidi ni msimamizi: andiko lako la awali limefika idarani lakini hakuna mhadhiri aliyekubali kulichukua. Hilo unaweza kulisukuma mwenyewe. Soma orodha ya wahadhiri wa idara, mtafute mwenye utafiti unaokaribiana na wako, mpelekee kurasa mbili. Vyuo pia huongeza muda wa maombi mara kwa mara, na muda ukiongezwa majibu nayo husogea.

Kuuliza

Usiulize kabla ya tarehe waliyoitaja kwenye tovuti kupita. Kama hawakuitaja, kwa Marekani subiri hadi katikati ya Machi, kwa Uingereza wiki nane tangu faili likamilike. Andikia mratibu wa udahili wa programu, usimwandikie profesa. Ujumbe wa kutosha ni huu: jina lako kama lilivyo kwenye maombi, namba ya maombi, programu na mwaka wa kuanza, kisha swali moja tu, "Je, uamuzi unatarajiwa lini?" Ukiwa na nafasi kutoka chuo kingine yenye tarehe ya mwisho, itaje, hiyo ndiyo sababu pekee inayoweza kuharakisha faili. Hapa nyumbani, fika ofisini asubuhi ukiwa na nakala ya risiti ya malipo ya ada ya maombi.

Hakuna mtu mwingine anayeweza kuharakisha. Anayekupigia akidai ana ndugu ofisi ya udahili, au wakala anayetaka laki mbili za "kufuatilia" Marekani, anakuibia. Chuo hakitangazi matokeo kwa WhatsApp, wala hakipokei amana kwenye namba ya simu ya mtu binafsi. Barua ikija, linganisha anwani iliyotuma na tovuti rasmi ya chuo, kisha ingia kwenye akaunti yako ya maombi kwa kuandika anwani mwenyewe, usifuate kiungo.

Ya kufanya sasa, na ya kutofanya mapema

Pasipoti ifanye sasa. Ya kawaida ni shilingi 150,000, na inahitaji cheti cha kuzaliwa na NIDA, hivyo kama kimojawapo kina kasoro ya jina, utaigundua ukiwa bado na miezi mkononi. Chukua transkripti rasmi za ziada zilizofungwa kwa lakiri ya chuo. Mtumishi wa umma aanze mazungumzo ya ruhusa ya masomo na mwajiri wake kabla barua haijafika, maana kuondoka bila ruhusa kunahatarisha mshahara na ajira yenyewe.

Upande wa fedha, Uingereza hutaka kiasi cha kujikimu kiwe kimekaa benki siku 28 mfululizo, kwa hadi miezi 9 ya matumizi. Ujerumani asiye na ufadhili huwekewa sharti la akaunti iliyofungwa. Tangu Septemba 2024 kiwango chake ni euro 11,904 kwa mwaka. Fedha ya kuchangiwa na wajomba haikusanyiki wiki moja, kwa hiyo kikao cha familia kiitwe Februari, msisubiri Julai.

Kuna vitu vya kungoja. Kipimo cha kifua kikuu kwa viza ndefu ya Uingereza cheti chake kinadumu miezi sita tu; ukipima Januari kitakuwa kimekufa Septemba. Usilipe ada ya viza wala kukata tiketi kabla ya barua rasmi, na masharti ya viza yasome kwenye tovuti ya ubalozi wiki ile ile unayotaka kulipa, hasa ya Marekani, kwa kuwa hubadilika ghafla.

Nyumbani, waambie watu tarehe badala ya matumaini. Shangazi akijua jibu linategemewa baada ya 15 Aprili hatauliza kila Jumapili, na wewe hutalazimika kujieleza upya. Kama usingizi umepotea kwa wiki kadhaa, chakula hakipiti, kazi inakushinda, hiyo sasa ni afya na inatibika. Hospitali ya Muhimbili ina idara ya afya ya akili, na wanaokwenda kule kwa wasiwasi wa kawaida kama huu wapo.

Jibu likija

Ukikubaliwa sehemu mbili, iandikie unayoiacha siku hiyo hiyo ya uamuzi. Ukikataliwa, usitegemee kuelezwa sababu. Vyuo vingi vya Marekani havitoi. Profesa uliyewasiliana naye kabla ya kuomba anaweza kukuambia kitu kwa mistari miwili, na kuuliza mara moja kwa adabu si kosa. Matokeo ya IELTS na TOEFL yanatumika miaka miwili, GRE, mtihani wa kuombea uzamili unaotakiwa na baadhi ya vyuo, miaka mitano, hivyo raundi ijayo huenda usilipie tena mitihani. Badili kitu kinachoonekana: orodha ya programu, wasimamizi, sampuli ya maandishi. Kupeleka faili lile lile mahali pale pale mara nyingi huleta jibu lile lile. Mifumo mingi hufunguliwa tena Septemba, na walimu wanaokuandikia wapelekee orodha mpya ya vyuo na tarehe zake Agosti, kabla mwaka mpya wa masomo haujawameza.